Shahada ya Kiingereza Katika Chuo cha Kijeshi: Hasara au Faida?

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Elimu nayo ni mali, ila aghalabu thamani yake hutajwa kwa kukisia tu. Mwanafunzi wa lugha na fasihi huambiwa kuwa shahada yake haina pesa, naye hunyamaza kwa kuwa hajawahi kufungua daftari.

Mfano mmoja wa mbali waweza kuangaza suala hili. West Point, katika jimbo la New York, ni chuo cha kijeshi cha Marekani kilichoasisiwa mwaka 1802, nacho kilijijengea jina kwa kufunza wahandisi. Hata hivyo, kadeti wa leo anaweza kuteua Kiingereza kuwa somo lake kuu, akasoma riwaya na mashairi, kisha akahitimu na kuwa afisa. Je, kadeti huyo amejitia hasarani?

Hesabu yake ni hii. Kadeti halipi karo. Serikali humlisha, humpa malazi na posho. Malipo yake ni umri wake. Akihitimu hudaiwa miaka isiyopungua 5 ya utumishi kamili, na mingine katika jeshi la akiba hadi itimie 8. Isitoshe, akishaanza mwaka wa tatu, kuacha masomo kunaweza kumlazimu atumikie jeshi au arejeshe gharama. Deni hilo ni lilelile kwa mhandisi na kwa mwanafasihi.

Mshahara nao haubagui. Mwaka 2025, luteni wa pili aliyeanza kazi alilipwa mshahara wa msingi wa takriban dola 4,000 kwa mwezi. Jeshi hukadiria mshahara huo kwa cheo na miaka ya utumishi, wala si kwa somo alilosomea afisa. Fauka ya hayo, kadeti wa Kiingereza hasamehewi hisabati, fizikia wala kemia. Kwa hivyo, katika miaka ile 5 ya kwanza, adaiye kuwa fasihi imemtia kadeti hasarani hana ushahidi.

Wapo watakaosema kwamba hasara hujitokeza baadaye, afisa akivua magwanda na kuingia katika soko la ajira. Hoja hii ina uzito. Kwa kawaida mhandisi hulipwa vizuri kuliko mhitimu wa fasihi, na hakuna haja ya kulificha hilo. Lakini mwajiri wa afisa mstaafu hamtathmini kwa shahada pekee. Huitazama pia miaka aliyoongoza watu, akatoa amri zinazoeleweka na kuandika ripoti zisizo na utata.

Historia ya chuo hicho ina ushahidi wa pande zote mbili. Ulysses S. Grant alihitimu mwaka 1843, na alikiri mwenyewe kwamba alitumia muda mwingi kusoma riwaya za maktabani. Akawa jenerali, kisha rais. Mwaka 1884 alifilisika baada ya kulaghaiwa na mshirika wake wa biashara. Huku akiugua saratani ya koo, aliandika kumbukumbu za maisha yake na kuzikamilisha siku chache kabla ya kufariki Julai 1885. Kampuni ya mwandishi Mark Twain ilikichapisha kitabu hicho, na mjane wake akapokea mrabaha wa zaidi ya dola 400,000. Kalamu iliiokoa familia ambayo biashara ilikuwa imeifilisi. Kwa upande mwingine, Edgar Allan Poe, aliyefukuzwa katika chuo hichohicho mwaka 1831, aliandika maisha yake yote na kufariki maskini mwaka 1849. Kipaji peke yake si mshahara.

Hapa ndipo lilipo funzo kwa mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya. Kadeti wa Kiingereza hahofii njaa kwa sababu kuna aliyemlipia na kuna anayemngoja. Mwenzake wa Kiswahili hulipa karo, mara nyingi kwa mkopo wa Bodi ya HELB, na akihitimu hangojwi na yeyote. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, lakini hadhi ya lugha katika katiba haimlipi mhitimu kodi ya nyumba.

Basi lawama isitupiwe somo. Idara za Kiswahili zina wajibu wa kumfunza mwanafunzi tafsiri, ukalimani na uhariri kwa kina sawa na uhakiki wa riwaya. Serikali nayo, iliyoiita lugha hii rasmi, ina wajibu wa kuwaajiri watakaoifanya kuwa rasmi katika mahakama, bunge na hospitali. Mwanafunzi naye afungue daftari lake mapema, ajue anadaiwa nini na ujuzi wake utamfaa nani. Akiisha kufanya hivyo, atakapoulizwa ataajiriwa wapi, atajibu kwa hesabu, wala si kwa kunyamaza.