Mkulima wa asumini naye aingie Mambo Msiige

Jumba la Mambo Msiige, lililopo Shangani ufukweni mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, lilijengwa na tajiri wa Kiarabu katika karne ya 19. Husimuliwa kwamba chokaa yake ilichanganywa na mayai kwa maelfu, gharama ambayo wengine walionywa wasiiige, na jina likatokea hapo. Waingereza walilitumia kama ubalozi, kisha hospitali, na baadaye zikawamo ofisi za Serikali. Tangu mwaka 2015 ni sehemu ya hoteli ya Park Hyatt, yenye vyumba 67 na spa, yaani mahali pa wageni kukandwa mwili na kutunzwa ngozi. UNESCO ilikuwa na wasiwasi kuhusu jengo jipya lililoongezwa ubavuni, lakini huo ni mjadala wa wahandisi na wanahistoria.

Sisi tunatazama soko. Kama hadithi ya mayai ni ya kweli, basi wapo wafugaji waliouza mzigo mkubwa pale. Leo majumba ya kale ya Mji Mkongwe yanapogeuzwa hoteli, mkulima wa Unguja na Pemba anauza nini?

Kwa mboga na matunda, ushindani ni mkali. Shehena kubwa huvuka bahari kutoka Bara, na mwenye robo eka hawezi kwa urahisi kuihakikishia hoteli nyanya za ukubwa mmoja kila siku ya mwaka.

Spa ni habari nyingine. Singo, ile ya kumsugulia bibi harusi, hutengenezwa kwa maua na majani yanayoota kwetu: asumini, langilangi, mawaridi, mpompia. Pemba wana vidonge vyao vya karafuu. Zipo spa Mji Mkongwe ambazo tayari huwauzia wageni huduma hizi, tena kwa bei ya dola. Mwani nao, ambao kwa miaka mingi umenunuliwa ukiwa mkavu kwa shilingi mamia tu kwa kilo, kinamama wa Paje wameonyesha kwamba ukisagwa na kutiwa kwenye sabuni ya mafuta ya nazi unakuwa bidhaa yenye bei nyingine kabisa. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989; tumechelewa mno kuanza kuusindika.

Kikwazo kikubwa, kwa maoni yetu, ni malipo. Hoteli kubwa kwa kawaida hupokea mzigo leo na kulipa baada ya siku 30 au zaidi. Tuchukue mfano wa mama mwenye mtaji wa shilingi 200,000 anayepeleka singo na sabuni zilizomgharimu shilingi 50,000 kila wiki. Wiki ya nne ikifika, mtaji wote uko hotelini na nyumbani hana hata senti ya kununulia maua. Wiki ya tano hapeleki mzigo, na meneja wa manunuzi anaandika kwamba wenyeji si wa kutegemewa! Mchuuzi mwenye fedha anaingia katikati, analipa taslimu nusu ya bei, na faida inabaki kwake.

Tunashauri Serikali, inapompa mwekezaji unafuu wa kodi kupitia ZIPA, iweke sharti kwamba vikundi vya wazalishaji wadogo vilipwe ndani ya siku saba. Hoteli inayotoza kwa dola haitafilisika kwa hilo.

Wakulima nao wana kazi yao. Singo yenye ukungu itarudishwa, na haki itakuwa ya aliyeirudisha. Kaushieni kivulini, pimeni kwa mizani, andikeni tarehe kwenye kifungashio, na mpitie ZFDA na ZBS mkiwa kikundi ili gharama mgawane. Masika, wageni wanapopungua, ndiyo miezi ya kukamilisha hayo. Ikifika Juni hoteli nyingi zimeshachagua wauzaji wao wa msimu.