Miti Hupandwa, Nani Huitunza?

Lugha ya Kiswahili ina kitenzi kimoja, kupanda, chenye maana mbili ambazo wanafunzi wangu hupenda kuzifanyia mzaha: kuutia mche ardhini, na kuukwea mti uliokwisha kukomaa. Baina ya maana hizo mbili ipo miaka kumi au ishirini, nayo ina vitenzi vyake: kumwagilia, kupalilia, kuzungushia ua, kupogoa. Vitenzi hivi ni nadra kuvisikia katika hotuba za viongozi wetu. Mnamo Desemba 2022 serikali ya Kenya ilizindua azma ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikatangazwa kuwa siku ya mapumziko ili kila mwananchi ashike jembe. Azma hiyo ni njema. Ninalouliza ni nani aliyeachiwa miche hiyo tarehe 14.

Hebu msomaji aitazame kalenda ya Kitui na Makueni. Mvua ya kutegemewa huko ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ya Machi hadi Mei aghalabu huwahadaa wakulima. Kwa hivyo miche hupandwa Novemba, katika majira yale yale ambapo shule hufungwa kwa likizo ndefu. Kufikia Januari mvua imekatika, jua limeanza kuunguza, na mbuzi wamekwisha kuigundua nafasi iliyomo uani. Walimu wanaporejea hukuta safu za vijiti vikavu. Novemba inayofuata miche mingine hutiwa katika mashimo yale yale, wageni waheshimiwa hupigwa picha, na hesabu ya miti iliyopandwa huongezeka bila kivuli kuongezeka.

Si kwamba Wakamba hawajui kutunza miti. Mwaka 1937, wakati wakoloni walipokuwa wakilalamika kwamba ardhi ya Machakos inaangamia kwa mmomonyoko, zilipigwa picha za vilima vilivyobaki uchi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walirudi mahali pale pale na kupiga picha nyingine. Wakati huo wilaya ya Machakos ilikuwa bado imeikumbatia Makueni, ambayo ilitengwa mwaka 1992. Idadi ya watu ilikuwa imepanda kutoka takriban 240,000 katika miaka ya 1930 hadi takriban milioni 1.4, na juu ya hayo miti ilionekana mingi zaidi kuliko zamani. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walieleza habari hiyo katika kitabu chao cha mwaka 1994. Miti hiyo ilisimama kandokando ya matuta na kuzunguka maboma, ndani ya mashamba yenye wenyewe. Kila mmoja ulikuwa na mtu wa kuuonea uchungu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni mukau. (Walimu wa sarufi watambue kwamba Kikamba, kama Kiswahili, huiweka miti katika ngeli ya mu-mi.) Mukau ni mti wa asili wa nchi kavu, mbao zake mchwa hawaziwezi, na majani yake hulishwa mbuzi nyasi zinapokwisha. Mbegu yake imo ndani ya kokwa gumu mno, hata wazee walizoea kuziokota mbegu zilizopita matumboni mwa mbuzi na kuachwa zizini. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya (KEFRI), ikishirikiana na Wajapani wa JICA, imefanya kazi ya miaka mingi Kitui kuhusu mti huu, na mashamba ya mbegu bora yapo Tiva na Kibwezi. Lakini mbegu bora haiondoi kazi ya mikono. Mukau ukiachwa hutoa matawi ya ubavuni mapema na kupinda, ukaishia kuwa kuni. Dawa yake ni kuyanyofoa machipukizi hayo kwa vidole yangali laini, kabla hayajawa matawi ya kuhitaji msumeno. Wahenga waliosema samaki mkunje angali mbichi wangalikaa Kitui, nadhani wangalitaja mukau.

Tawi likishakuwa kubwa hupogolewa, na hapo ndipo ninapoona uharibifu mwingi. Watu hulifyeka kwa panga na kuacha kigutu kinachooza, au hulikata kutoka juu pekee hata linapoanguka likachuna gome la shina. Inafaa kwanza kutia mkato mfupi upande wa chini, kisha kulikata kutoka juu mbele kidogo ya mkato huo, na mwisho kuondoa kigutu kilichobaki karibu na shina bila kuligusa lile pete la gome lililovimba, kwa kuwa ndilo linaloziba jeraha.

Kuna pia usalama wa watu, na hapa nawasemesha walimu hasa. Shule nyingi za kwetu zina mti mkongwe ambao chini yake wanafunzi hula, hucheza na hata kusoma. Kengele, ambayo ni rimu ya gurudumu, imening'inizwa tawini kwa waya uliokwisha kuzama ndani ya gome. Ubao wa kaulimbiu umepigiliwa misumari shinani. Takataka huchomwa penye mizizi. Kisha mvua za upepo zikija tunashangaa tawi likianguka! Mti wenye uyoga chini ya shina, wenye ufa, wenye matawi makavu juu ya paa, au ulioanza kuinama huku udongo ukinyanyuka upande mmoja, usingoje kikao cha halmashauri ya shule. Watoto waondolewe chini yake siku hiyo hiyo, na aitwe mtu anayeijua kazi. Ulio karibu na nyaya za umeme usiguswe na mzazi wa kujitolea. Aitwe fundi wa kampuni ya umeme.

Linalobaki ni la mfuko. Januari 2018 gavana wa Kitui wakati huo, Bi Charity Ngilu, alipiga marufuku biashara ya makaa, na mwezi uliofuata serikali kuu ikasitisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, amri iliyoondolewa Julai 2023. Naielewa ghadhabu iliyozaa amri hizo. Hata hivyo karo nayo hudaiwa Januari, na baba aliyepoteza mazao katika ukame uliotanda kuanzia mwishoni mwa 2020 huutazama mukau wa miaka sita kama ng'ombe wa kuuza. Akiukata anapata senti kidogo kwa mti ambao ungemlipa vizuri ukifika miaka kumi au kumi na mitano. Mtu huyu anahitaji afisa wa ugani wa kumwonyesha ipi apunguze na ipi aibakize, na jinsi ya kuchagua chipukizi bora katika kisiki, kama wafanyavyo wakulima wa Dodoma katika mpango wanaouita Kisiki Hai. Makueni ina wakulima wa maembe wanaojua kupogoa; kaunti ingeweza kuwatumia kuwafunza wenzao.

Kwa upande wa shule, pendekezo langu ni dogo. Kila mche uandikwe daftarini pamoja na jina la mwanafunzi anayeishi karibu, atakayeumwagilia wakati wa likizo, naye apewe mtungi na haki ya kupita langoni. Miti ihesabiwe Septemba, mwisho wa kiangazi kirefu, na idadi itakayopatikana, hata ikiwa ni minne, ndiyo iandikwe katika ripoti ya shule.