Sanda tunayo, kofia ya mtoto hatuna



Katika stoo ya msikiti wetu, huku milimani Lushoto, lipo sanduku la mbao ambalo ufunguo wake hukaa kwetu kwa kuwa tumekabidhiwa ukatibu wa kamati. Ndani yake mna sanda, pamba, karafuu maiti, ubani, sabuni na mkasi. Akifariki muumini saa nane za usiku, hakuna anayehangaika. Ufunguo huchukuliwa, sanduku hufunguliwa, na maiti husitiriwa kwa heshima. Tumelitunza sanduku hilo kwa miaka kadhaa, na tulikuwa tukijihesabu kuwa watu waliojiandaa.

Mwaka jana, mwezi wa Julai, Mwenyezi Mungu alituruzuku mtoto wa tatu. Alikuja wiki tano kabla ya wakati wake, usiku wa ukungu mzito na baridi ambayo wenyeji wa milima hii wanaifahamu. Muuguzi alichungulia mlangoni akauliza, "Baba, kofia ya mtoto iko wapi?" Tulikuwa na khanga mbili, beseni, chupa ya chai na fedha mfukoni. Kofia hatukuwa nayo, na saa ile hapakuwa na duka la kuiuza. Kwa kuchanganyikiwa tukavua kofia yetu tuliyoivalia swala ya Isha, tukamkabidhi. Muuguzi aliitazama, akaturudishia kwa upole. "Hii, Baba, itamfika mabegani."

Mama mmoja wa kitanda cha jirani ndiye aliyetuokoa. Alikuwa na kofia mbili ndogo za uzi mweupe, akatoa moja akampa mama wa mtoto wetu. Asubuhi tulipofika na uji ili tumshukuru, tulikuta kitanda chake kimekwisha kutandikwa upya. Jina lake hatukulipata, wala hatujui aishiko. Deni lile tunalo hadi leo.

Tumelisimulia jambo hili kwa sababu huenda msomaji akadhani kofia ya kichanga ni pambo. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wa mwili wake wote, na hapo ndipo joto lake linapopotea kwa wingi. Aliyezaliwa kabla ya wakati hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi ya kumhifadhi. Ndiyo maana mtoto wa namna hiyo hubebwa kifuani kwa mzazi, ngozi kwa ngozi, kwa njia ambayo hospitalini huitwa kangaroo. Njia hiyo ilianzishwa mwaka 1978 huko Bogotá, nchini Colombia, na daktari Edgar Rey Sanabria, baada ya mashine za kuwatunzia watoto wachanga kuwa haba. Mtoto huvishwa vitu vichache tu: nepi, soksi na kofia.

Mtoto aliporejea nyumbani salama, alhamdulillah, tulikwenda kwa Bibi mmoja jirani yetu, ambaye alikuwa akifumia watoto wa kijiji masweta ya shule tangu sisi hatujaingia chuoni. Tulimwamkia, tukamweleza haja yetu. Alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya khanga. "Katibu, vidole vyako vimezoea kalamu. Haya, kaa chini."

Habari hiyo ilipofika kwenye kikao cha kamati, mzee wetu mmoja alisema kwamba kufuma ni kazi ya akina mama na kwamba katibu wa msikiti kushika sindano si haiba. Hatukumjibu kwa ukali, kwani ni mzee wetu na alisema anachokiamini. Tulimkumbusha tu yale aliyotufundisha mwenyewe darasani: kwamba Nabii Daud, amani iwe juu yake, alikula kwa kazi ya mikono yake, na kwamba Bi Aisha alipoulizwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kuwa alishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake.

Tuliongeza jambo ambalo lilimfanya anyamaze na kusikiliza. Miongoni mwa vipande vya kale zaidi vya kazi ya kufuma vinavyojulikana duniani ni soksi za pamba kutoka Misri ya zama za Kiislamu. Na huko Burgos, nchini Hispania, katika kaburi la mwanamfalme Fernando de la Cerda aliyefariki mwaka 1275, ulipatikana mto wa hariri uliofumwa kwa ustadi mkubwa, na pembezoni mwake limefumwa neno la Kiarabu la baraka kwa hati ya kufi. Wataalamu huinasibisha kazi hiyo na mafundi Waislamu. Basi sindano hizi si ngeni katika umma wetu.

Vifaa na kipimo

Anayeanza ahitaji mambo machache: sindano mbili za kufumia zenye unene wa milimita 4, donge moja la uzi laini wa unene wa kati, sindano moja butu ya kushonea na futikamba. Donge la gramu 50 hutosha kofia moja ya kichanga na hubaki. Chagua uzi wa pamba au uzi laini usiowasha. Uzi wenye manyoya manyoya uachwe, kwa maana unyoya huingia puani na mdomoni mwa mtoto.

Kabla ya kofia, fuma kipande cha majaribio. Anza vitanzi 22, fuma mistari 20, kisha pima upana. Ukipata sentimeta 10, mkono wako umekubaliana na hesabu ya makala haya. Ukipata pungufu, unabana uzi, basi legeza mkono au tafuta sindano nene zaidi. Ukizidi, fanya kinyume chake. Sisi tulikidharau kipande hiki, na kofia yetu ya kwanza ilitoshea chungwa.

Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi yake huwa na mzunguko wa takriban sentimeta 35. Kofia huwa ndogo kidogo kuliko kichwa ili ishike bila kubana, kwa hiyo vitanzi 72 humtosha. Kwa aliyezaliwa kabla ya wakati, fuma kwa vitanzi 64 au 56 kulingana na udogo wake. Hesabu hizi zote hugawanyika kwa nane, na faida yake itaonekana mwishoni.

Namna ya kufuma

Funga kitanzi cha kwanza kwa fundo linaloteleza, ukitie kwenye sindano. Kwa kila kitanzi kinachofuata, zungushia uzi kidole gumba, ingiza ncha ya sindano chini ya uzi huo, toa kidole, kisha vuta taratibu. Endelea hadi vitimie 72.

Sindano yenye vitanzi ikae mkono wa kushoto, na uzi ukae nyuma ya kazi. Ingiza ncha ya sindano tupu katika kitanzi cha kwanza, kutoka mbele kwenda nyuma. Pitisha uzi kuizunguka ncha hiyo. Uvute utokee mbele kupitia kitanzini, kisha kiache kitanzi cha zamani kiteleze kutoka sindano ya kushoto. Huo ni mfumo mmoja, na kofia nzima ni kuurudia. Ufikapo mwisho wa mstari, badilisha mikono, uanze tena.

Hapa ndipo tulipoadhirika. Baada ya mistari kumi na mitano tulimpelekea Bibi kazi yetu kwa fahari. Aliigeuza, akahesabu kwa midomo tu, akasema, "Sabini na tisa." Saba zilikuwa zimezaliwa pembeni. Mwanzoni mwa mstari, uzi ukivutwa juu ya sindano, kitanzi cha kwanza hujionyesha kama viwili, na asiyejua huvifuma vyote. Tulitaka kumshawishi kuwa saba si nyingi. Bibi akachomoa sindano, akavuta uzi, na jioni tatu zetu zikawa donge tena. "Kichwa cha mtoto hakijui kama umechoka," alisema. Tangu hapo huhesabu vitanzi kila baada ya mistari miwili, na uzi wa pembeni huuvutia chini.

Kazi ikifikia urefu wa sentimeta 10, anza kufunga utosi. Fuma vitanzi sita, kisha viwili vinavyofuata vichukue kwa pamoja, uvifume kama kimoja. Rudia hivyo hadi mwisho wa mstari. Mstari unaofuata fuma kawaida. Kisha fuma vitano na kuunganisha viwili, mstari wa kawaida, vinne na viwili, na kuendelea kushuka namna hiyo hadi kimoja na viwili. Mstari wa mwisho wa kupunguza unganisha viwili viwili. Aliyeanza na 72 atabakiwa na tisa, wa 64 vinane, na wa 56 saba. Hesabu isipotimia, kosa lipo nyuma. Rudi ulitafute.

Kata uzi ukiacha kama sentimeta 40, upitishe kwa sindano butu ndani ya vitanzi vilivyobaki, vuta hadi utosi ufumbe, kisha shona kingo mbili kutoka juu hadi chini. Ncha za uzi zifiche ndani. Usitie shanga, kifungo wala kamba ya kufungia kidevuni, kwani kichanga anaweza kupaliwa au kunyongwa navyo. Ifue kwa sabuni laini, ianike ikauke sawasawa, uihifadhi katika mfuko safi.

Nasaha moja zaidi: kofia ni ya kufuata maelekezo ya muuguzi. Mtoto mzima alalaye ndani ya chumba chenye joto asifunikwe kichwa, maana joto likizidi nalo humdhuru.

Tulichokubaliana

Mzee wetu yule ndiye aliyetoa rai ambayo kikao kiliipitisha. Alisema kofia zikae katika sanduku lile lile la sanda. Wengine waliona si vizuri kuchanganya vitu vya maiti na vya mtoto, na hoja yao ilikuwa na uzito, kwa hiyo tumenunua ndoo yenye mfuniko na kuiweka juu ya sanduku. Ufunguo wa stoo ni ule ule. Hadi tunapoandika makala haya ndoo ina kofia tisa, nne kati yake ni za Bibi, moja ni yetu na imepinda kidogo. Anayepiga hodi usiku akiwa na mzazi hospitalini hupewa moja, wala haulizwi dini yake. Mama yule wa kitanda cha jirani naye hakutuuliza.

Ndugu msomaji, msikitini kwako sanda bila shaka ipo. Ulizia kama kofia ipo. Ikiwa haipo, donge moja la uzi na jioni chache baada ya Magharibi zinatosha kuanza.

Wabillahi tawfiq.