Orodha ya Miji Bora Isiyouliza Kodi ya Pango

Mnamo Juni 2025, Economist Intelligence Unit, taasisi ya utafiti yenye makao yake London, ilitangaza orodha yake ya kila mwaka ya miji inayofaa zaidi kuishi duniani, na katika orodha hiyo Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, uliiondoa Vienna katika nafasi ya kwanza ambayo mji mkuu huo wa Austria ulikuwa umeishikilia kwa miaka mitatu mfululizo. Vienna ilipunguziwa alama za utulivu kwa sababu ya vitisho vya ugaidi, kikiwamo kile kilicholazimisha matamasha ya mwanamuziki Taylor Swift kufutwa Agosti 2024. Magazeti mengi yaliyapokea matokeo hayo kama hukumu juu ya maisha ya wakazi, ilhali orodha hii haijawahi kuwa hukumu ya namna hiyo: inapima raha ya mtu asiyelipa kodi ya pango kutoka mfukoni mwake, na kwa sababu hiyo haifai kumwongoza raia wala halmashauri ya mji wowote.

Utaratibu wake ni rahisi kueleza. Miji 173 hupewa alama katika nyanja 5: utulivu, asilimia 25, utamaduni na mazingira, asilimia 25, huduma za afya, asilimia 20, miundombinu, asilimia 20, na elimu, asilimia 10. Makazi yamewekwa ndani ya miundombinu, lakini kinachoulizwa hapo ni kama nyumba bora zinapatikana. Bei yake haiulizwi. Pengo hilo lina chanzo chake, kwa kuwa kipimo hiki hutumika kuyasaidia makampuni kukadiria posho ya mazingira magumu, yaani nyongeza ya mshahara anayopewa mfanyakazi aliyehamishiwa mahali penye shida. Kwa mujibu wa mwongozo wa taasisi yenyewe, mji wenye alama zaidi ya 80 haustahili nyongeza yoyote, na ule wenye alama 50 au pungufu unastahili asilimia 20 ya mshahara. Anayefikiriwa, basi, ni mtumishi aliyetumwa na kampuni kubwa, ambaye mara nyingi nyumba yake na karo za watoto wake hulipwa na kampuni hiyohiyo.

Watetezi wa orodha husema kwamba taasisi hiyo ina utafiti mwingine unaoshughulikia gharama za maisha, na kwamba kipimo kimoja hakiwezi kubeba kila kitu. Husema pia kwamba utulivu ndio msingi wa mengine yote, na kwamba Damascus, mji uliochakazwa na vita, haukushika mkia kwa kuonewa. Hoja hizo zina ukweli wake, lakini zinakipita kiini kando, kwa sababu hakuna mkazi anayeweza kuitenga nyumba na bei yake, na utafiti wa pili hausomwi sambamba na ule wa kwanza.

Vienna yenyewe ndiyo ushahidi ulio wazi kuliko wote. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, familia za wafanyakazi zilisongamana katika vyumba vyenye unyevu, na kifua kikuu kilienea hata kikaitwa ugonjwa wa Vienna. Mwaka 1923 halmashauri, ambayo fedha zake zilisimamiwa na Hugo Breitner, ilianzisha tozo ya ujenzi wa nyumba iliyopanda kulingana na thamani ya makazi, hivi kwamba majumba ya kifahari yalitozwa kwa viwango vya juu mno kuliko vyumba vya wafanyakazi. Kufikia 1934, nyumba zaidi ya 60,000 zilikuwa zimejengwa. Jengo la Karl-Marx-Hof, lililobuniwa na Karl Ehn na kuzinduliwa mwaka 1930, lina urefu unaozidi kilomita 1, na lilijengwa likiwa na nyumba 1,382 pamoja na vyumba vya kufulia, mabafu, shule za chekechea, maktaba na kliniki ya meno, huku sehemu kubwa ya kiwanja ikiachwa kuwa bustani. Kwenye kuta za majengo mengi ya enzi hiyo bado yanasomeka maandishi mekundu yanayoeleza kwamba halmashauri iliyajenga kwa mapato ya tozo ya nyumba, ili kila apitaye ajue fedha zilitoka wapi.

Halmashauri hiyo leo inamiliki nyumba zipatazo 220,000, ambamo huishi takriban robo ya wakazi, na zikijumlishwa zile za vyama vya ujenzi visivyolenga faida, karibu nusu ya watu wa Vienna wanakaa katika nyumba zilizojengwa kwa msaada wa fedha za umma. Mikataba ya nyumba za halmashauri haina ukomo wa muda, na kikomo cha kipato cha mwombaji kimewekwa juu kwa makusudi, ili mwalimu na mfagizi wa barabara waweze kuwa majirani. Berlin iliuza kampuni yake ya umma iliyokuwa na nyumba zipatazo 65,000 mwaka 2004. Vienna ilizishikilia zake.

Hapo ndipo subira inapokwisha. Shambulio lililozuiwa kabla ya kutokea limeuteremsha mji, ilhali unafuu wa pango ulioletwa na kazi ya miaka 100, uliomwezesha muuguzi kuishi karibu na hospitali anayohudumia, haukuuongezea hata alama moja. Kipimo kinachojitangaza kuwa cha ubora wa kuishi, kisha kikafumba macho mbele ya jambo linaloamua nani ataishi mjini na nani atafukuzwa, kinapotosha, na wanaokichapisha bila maelezo wanashiriki upotoshaji huo. Mtu ana haki ya kuota mahali ambapo angeishi endapo fedha na kazi visingekuwa tatizo. Asichokuwa na haki nacho ni kuigeuza ndoto hiyo kuwa takwimu na kuwapa watunga sera.

Afrika Mashariki inalihitaji somo hili sasa. Nchini Kenya, Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ya Machi 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake ghafi, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Kiwango ni kimoja kwa anayepokea kidogo na anayepokea kingi, na nyumba zenyewe zinajengwa ili ziuzwe, jambo linalouacha umma bila akiba ya makazi ya kupangisha vizazi vijavyo. Vienna ilichagua kinyume katika mambo hayo mawili, na uchaguzi huo ndio unaofaa kujadiliwa Nairobi na Dar es Salaam, kuliko nafasi ya mji huu au ule katika orodha ya London.

Mhariri atakayeichapisha orodha ijayo ana wajibu wa kuweka kando ya kila mji kiasi cha kodi ya pango na mshahara wa muuguzi wa mji huo. Akishindwa, aipeleke kwenye kurasa za biashara na kuiita mwongozo wa posho za wafanyakazi wanaohamishwa, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake.