Kukesha Si Kusoma

Msimu wa mitihani ubishapo hodi, wengi wetu hukesha vitabuni tukijifariji kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa maoni yangu, methali hii twaitumia visivyo. Wataalamu wa afya hushauri mtu mzima alale kwa saa zisizopungua 7, kwani ni usingizini ambamo ubongo huimarisha kumbukumbu ya yaliyosomwa mchana. Akeshaye basi huteka maji kwa pakacha: asubuhi huingia mtihanini macho mekundu, fikra zimegota, na ngeli alizozijua juzi zimemtoka. Kuinama kwa kweli ni kusoma tangu muhula uanzapo, kunyoosha viungo jioni na kulala kwa wakati. Ndugu wasomi, tusiidhulumu miili yetu kisha tuilaumu akili kwa kutusaliti.