Nani anawalisha watu wa usiku?

Katika mkutano wa juma lililopita sauti zilipanda mpaka wapita njia wakasimama kusikiliza. Ni heri niandike wazi, kuliko kuacha maneno yaende sokoni na kurudi yameongezwa chumvi.

Mwenzetu mmoja, mama wa watoto watatu, ameomba apewe zamu yake ya likelemba mbele ya wakati. Mume wake yuko Salamabila kwenye machimbo, na kwa miezi mingi hajatuma kitu. Mama anataka kuuza chakula cha usiku pale wamotari wanapopumzika. Wanaotoka Kindu na wanaotoka Kabambare mara nyingi wanafika giza limekwisha kuingia, wana matope mpaka magotini, na mama wa chakula cha mchana wamekwisha kurudi nyumbani. Atapika wali, maharage, sombe, samaki akipatikana, chai na mikate ya mafuta. Ataanza saa kumi na mbili jioni na kufunga saa nne usiku.

Hakuomba zaidi ya hayo. Lakini mama mmoja akauliza kwa sauti: "Kwa hiyo feza ya chama inafungua nganda?" Na hapo mkutano ukawaka moto.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu linatisha kuliko linavyostahili. Nganda ni neno lililotufikia kutoka Kinshasa. Hapo zamani lilikuwa jina la kambi ya wavuvi kando ya mto, mahali pa kukausha samaki, kula na kulala. Baadaye, mjini, likawa jina la mahali padogo pa kula na kunywa, mara nyingi ndani ya lupango la mama mwenyewe, yeye akiwa mpishi na mwenye mali. Pombe ipo, hilo halifichwi. Lakini Kinshasa kuna pia malewa, na malewa ni kitu kingine: meza, mabenchi, sufuria na mama mwenye mwiko. Mtu anakula, analipa, anaondoka. Malewa imejulikana hata mwanamuziki Werrason mwaka 2009 aliipa albamu yake jina hilo.

Wanaosema ni uhuni wa mji wakumbuke malewa ilipatia nguvu wapi. Miaka ya 1990 kazi zilianguka. Uporaji wa Septemba 1991 na ule wa Januari 1993 ulimaliza maduka na viwanda vingi, na mishahara ikawa karatasi tu. Papa wengi walibaki nyumbani, na nyumba ikashikwa na biashara ndogo ya mama: mikate, maharage, samaki wa liboke, kwanga. Mji ule haulali mapema. Kuna walinzi, madereva, wanamuziki, wabebaji wa mizigo, wauguzi wa zamu, wanafunzi ambao kwao hakuna umeme wa kusomea. Hao wote wana njaa saa nne ya usiku, na asilimia kubwa ya sahani zao imepikwa na mwanamke mwenye watoto.

Nimeona kwa macho. Nilikaa majuma matatu kwa mdogo wangu huko Bandalungwa, mtaa ambao watu wa Kinshasa wanauita Bandal na kuusifu kwa usiku wake. Muziki unatoka pande zote mpaka masikio yanachoka. Mbuzi wa kuchoma, ambao wao wanaita ntaba, wanakatwa kwenye karatasi, na kitunguu na pilipili pembeni. Kwa kweli ni tamu. Mwanzoni nilikuwa naogopa kutoka, kisha nikawa nauliza mwenyewe: leo tunakwenda wapi?

Lakini kilichobaki kichwani mwangu si mbuzi. Karibu na nyumba ya mdogo wangu kulikuwa na mama wa malewa, mwanamke wa miaka kama thelathini na tano, mwepesi wa kucheka. Alianza saa kumi na moja jioni na kumaliza karibu saa sita usiku. Usiku wa tatu nilipokwenda kula kwake, nikaangusha kijiko, nikainama kukiokota. Chini ya meza, juu ya gunia la makala lililokunjwa, msichana wa miaka tisa hivi alikuwa amelala na sare yake ya shule. Mama yake aliona nimeona. Akasema, "Nyumbani hakuna mtu wa kumwachia." Kisha akanijazia sahani bila kunidai nyongeza. Sikuweza kumaliza.

Basi, ndugu zangu, mimi naona tuligombana juu ya jambo lisilo lenyewe. Tulibishana kama usiku ni heshima au si heshima. Hakuna aliyeuliza watoto watatu watalala na nani.

Juu ya heshima nitasema kifupi. Mwezi wa Ramadhani, nani hapa Kasongo anashangaa kuona mama na mbabula yake saa tatu ya usiku? Tunanunua uji, tunanunua mikate, tunamwombea baraka. Mwezi ukiandama, yule yule mama na mbabula ile ile tunampa jina jingine. Na Zanzibar, ambako safari nyingi za wazee wa hapa zilikuwa zinaishia, kuna bustani ya Forodhani mbele ya Beit el-Ajaib. Kila jioni jua likizama meza zinapangwa, mishikaki inachomwa, miwa inakamuliwa, urojo unamiminwa, na wageni wa dunia nzima wanakuja kula. Bustani hiyo ilitengenezwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2009. Wanaosimama nyuma ya meza zile ni wanaume zaidi. Sijasikia mtu akiuliza kama wao wana heshima.

Lilitoka pia neno la barua ya mume. Mama mmoja alisema kwamba mwanamke aliyeolewa hawezi kuanza biashara bila ruhusa ya mume kwa maandishi. Hiyo ilikuwa Kanuni ya Familia ya mwaka 1987. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliibadili. Siku hizi mke haombi ruhusa kama mtoto. Sheria inataka mume na mke wasikilizane juu ya mikataba inayowafunga, na hilo linamhusu mume sawasawa na mke. Mwenzetu alimpigia simu mume wake mbele ya mama prezidenti. Mtandao ulikatika mara mbili, lakini alisema ndiyo. (Aliulizwa pia juu ya feza. Hapo mtandao ulikatika mara ya tatu.)

Sasa tuje kwenye mambo ya kweli. Kwanza chakula chenyewe. Shirika la Afya Ulimwenguni linafundisha kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila moto, na kile kinachongoja mlaji kiwe na moto wa kupita digrii 60, yaani mvuke unaonekana. Maharage yaliyopikwa adhuhuri na kuachwa mpaka usiku yanaweza kulaza wamotari kumi, na jina litakaloharibika si la mwenzetu peke yake. Nilimwambia asipike sufuria moja kubwa mchana. Apike mbili ndogo, ya pili iingie motoni wageni wa kwanza wakiwa wanakula. Makala yatazidi kidogo, akubali. Tena awe na ndoo yenye bomba na sabuni kwa kunawa mikono, maana kipindupindu tunakijua.

Pili ni njia ya kurudi. Saa nne usiku na feza ya siku nzima kwenye kitenge, hiyo ni hatari, tusidanganyane. Wamotari wawili wazee wa pale wamekubali kumsindikiza zamu kwa zamu, naye atawapa chai bure. Mimi nimeomba zaidi: feza kubwa isikae naye. Mkwe wake apite saa mbili aichukue, yeye abaki na chenji tu. Na pombe isiuzwe, hata lotoko ya chini ya meza. Siyo kwamba kila anywaye ni mbaya. Ni kwamba mteja mlevi halipi na haondoki.

Jambo jingine: biashara ya usiku inaweza kufungwa kwa neno moja la serikali. Tarehe 18 Desemba 2020, juu ya Korona, nchi nzima iliwekwa chini ya amri ya kutotembea kutoka saa tatu usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Muuza nguo aliendelea kuuza mchana. Mama wa malewa alipoteza saa zake zote nzuri. Kwa hiyo likelemba isimpe feza yote mara moja. Apate nusu kwa sufuria, meza na chakula cha juma la kwanza. Nusu nyingine baada ya mwezi, tukiona daftari lake. Kama hajui kuandika hesabu, binti yangu atamfundisha jioni mbili.

Na watoto. Hapa nilibaki na neno moja tu mkutanoni, nalo nalirudia: bila mtu mzima wa kulala na wale watatu, mimi sipigi kura ya ndiyo. Msichana wake mkubwa ana miaka kumi na moja. Huyo si mtu mzima, hata kama anapika bugari vizuri kuliko baadhi yetu. Mama mkwe amesema atahamia kwao siku nne kwa juma. Siku nne, basi mwenzetu auze siku nne, mpaka tupate mwingine. Alinikasirikia niliposema hivyo, akaniambia njaa haina siku za kupumzika. Sikuwa na jibu zuri. Nikamwambia ni kweli, na kwamba bado nasema siku nne.

Kura ni Alhamisi, saa nane mchana, kwa mama prezidenti. Mwenye taa ya jua isiyotumika aje nayo, kwa sababu ile aliyo nayo inazimika saa tatu. Na kama kuna mama mzima, asiye na wadogo nyumbani, anayeweza kulala pale Jumatano na Ijumaa, aniambie kabla ya mkutano.