Kasha la akriliki na vumbi la Kasulu

Ndugu mwandishi, kasha la kompyuta la akriliki uliloliandikia kweli linapendeza, nami nalipenda. Naunda kompyuta hapa Kasulu, na kasha moja kama hilo nililipeleka Kibondo kwa mwalimu mmoja. Kwa safari lilifaa sana: akriliki haifiki hata nusu ya uzito wa kioo, na barabarani halikupata ufa.

Shida ni vumbi letu jekundu la kiangazi. Akriliki ikisuguliwa hushika umeme tuli, nao huvuta vumbi. Ukifuta kwa kitambaa kikavu unauongeza, na punje za mchanga zinakwaruza uso. Miezi mitatu tu, lile la mwalimu lilikuwa limefifia. Naomba sana uongeze onyo hili kwenye makala yako: spiriti isiguse akriliki, huitia nyufa nyembamba zisizorekebishika. Badala yake, fungua paneli, iweke pembeni, ioshe kwa maji na sabuni kidogo.

Tena, kasha hili halipitishi umeme, kwa hiyo kuligusa hakuondoi umeme tuli wa mwilini. Kabla ya kugusa memori, shika kwanza bati la pawasaplai.

Kwa mwalimu tumeweka chujio la wavu mbele ya feni, analiosha kila Jumamosi. Vumbi haliingii sana ndani, na joto la kompyuta limeshuka.